Ziwa Lilikuwa na Upungufu Gani?

Mama alikuwa akianika furu juu ya majabali. Kwetu ni upande wa Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, ambako mawe mapana yamelala kando ya maji kana kwamba yalitandikwa kwa kazi hiyo. Jua likishayapasha moto, samaki wadogo hukauka bila kuni wala moshi. Nilikuwa na miaka saba au minane, na kazi yangu ilikuwa kukaa kivulini na fimbo mkononi, kufukuza kunguru na yangeyange. Jioni tuliwakusanya furu kwenye ungo, mama akawafunga katika kanga kuukuu, na siku ya gulio akawauza kwa fungu. Fungu moja thumni. Walikuwa samaki wa urefu wa kidole, wengine wa kiganja, wenye miiba mingi, na watu waliojiweza hawakuwataka. Waliojiweza walinunua sato. Furu alikuwa kitoweo chetu sisi wengine, na ndiye aliyeninunulia daftari na sare ya shule tangu darasa la kwanza.

Mwaka niliofanya mtihani wa darasa la saba, 1985, majabali yale yalikuwa matupu.

Leo mimi ni mwalimu wa baiolojia. Miaka michache iliyopita nilikuwa darasani na kidato cha nne, tukisoma habari za viumbe wageni wanaoingizwa mahali pasipo pao. Nikasoma kwa sauti maelezo kwamba sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria ili kuboresha uvuvi. Kijana mmoja wa viti vya nyuma, mtoto wa mvuvi wa Igombe, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Kwani ziwa lilikuwa na upungufu gani?"

Nilimjibu harakaharaka, kengele ikalia, wakatoka. Usiku ule sikulala vizuri. Swali lile lilikuwa kubwa kuliko somo la siku ile, na mimi, mtoto wa majabali yale, ndiye niliyepaswa kuwa na jibu lake.

Nianze na kilichokuwamo majini kabla mtu hajakigusa.

Furu ni jina la ukoo mzima. Wataalamu wanakadiria kwamba Ziwa Victoria lilikuwa na aina 500 hivi za furu, na nyingi kati ya hizo hazikupatikana mahali pengine popote duniani. Ajabu ni kwamba ziwa lenyewe ni changa. Miaka kama 15,000 iliyopita, wakati wa ukame mkubwa, lilikuwa limekauka. Mvua ziliporudi likajaa, furu wachache wakaingia, na kwa muda ambao katika historia ya viumbe ni kufumba na kufumbua, uzao wao ukaligawana ziwa lote kama ndugu wanavyogawana shamba la urithi. Wapo waliokwangua mwani kwenye mawe. Wapo waliokula tope la chini pamoja na mabaki yaliyooza ndani yake. Wapo waliochuja viumbe vidogo vya kijani vinavyoelea majini, ambavyo vikizidi hulifanya ziwa liwe kama uji wa mlenda. Wengine walikuwa na meno kooni, magumu kama mawe ya kusagia, wakavunja konokono. Na mtoto yeyote wa kanda hii anajua kwamba kichocho hupitia kwa konokono. Wengine walikula mabuu ya wadudu, wengine uduvi, wengine furu wenzao. Kulikuwa na waliokula magamba ya samaki wengine, magamba matupu. Na kwa kuwa furu jike huatamia mayai na watoto wake kinywani, kulikuwa na aina iliyomlazimisha mama kutema watoto, ikawala.

Nikifundisha jambo hili huwa nachora ubaoni duara kubwa, nikiandika kazi hizo moja moja pembeni. Tope linageuka nyama. Mwani unageuka nyama. Konokono wanapunguzwa, maji yanabaki maangavu, na mwishoni mwa duara yupo mama yangu na ungo wake. Hakuna aliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Hakuna mashine iliyohitaji mafuta.

Na urembo pia ulikuwamo. Madume ya furu hujipamba kwa rangi ili majike wawachague. Mmoja wao ana mgongo mwekundu kama kaa la moto, ubavu wa njano na michirizi myeusi. Wataalamu wa Kiholanzi waliomwandika kitabuni mwaka 1985 walimpa jina la Mwalimu Nyerere, na leo katika sayansi anaitwa Pundamilia nyererei. Ndiyo, punda milia huyu huyu wetu, kwa sababu ya michirizi yake. Nikiwaambia wanafunzi kwamba Baba wa Taifa ana samaki wake, na kwamba samaki huyo hupatikana penye mawe ya ziwa hili hili wanaloliona dirishani, darasa zima hukaa kimya.

Sasa walikuja watu walioliangalia ziwa hilo wakaona lina kasoro.

Kwanza zilikuja nyavu. Wazee wetu walivua kwa migono, kwa ndoana na kwa vizuizi vya mafunjo. Mwaka 1905 nyavu za kutega za Kizungu ziliingia upande wa Kenya, na zilikuwa chombo bora kwa kila kipimo: nyepesi, zinazovua usiku mvuvi amelala. Samaki aliyelengwa alikuwa ngege, sato wa asili wa ziwa hili. Ngege walivuliwa mpaka wakaanza kuadimika, na wakoloni wakashtuka. Mwaka 1927 hadi 1928 Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, alilizunguka ziwa na kulipima. Alishauri matundu ya nyavu yasipungue inchi tano. Tena alionya kwamba kumleta samaki mkubwa mla-samaki kutoka maji mengine kungekuwa hatari kubwa sana endapo utafiti wa kina haujatangulia. Ripoti yake ilitoka mwaka 1929. Naitaja tarehe hiyo kwa makusudi, maana kuna watu husema kwamba zamani hakuna aliyejua. Walijua. Iliandikwa, ikachapwa.

Kanuni ya inchi tano iliwekwa, ikashindwa kusimamiwa, na miaka ya 1950 ikaanza kuondolewa. Nyavu za nailoni zikaingia. Ngege akazidi kupungua. Ili kuziba pengo hilo wakaletwa sato wageni kutoka maziwa mengine. Sato tunayemkaanga leo na kumsifia wageni wetu kwamba ndiye samaki wa Mwanza, kwa sehemu kubwa ni uzao wa wageni hao. Ngege mwenyewe karibu ametoweka ziwani. Amebaki katika vijiziwa vya pembeni kama Kanyaboli, Siaya, ambako sangara hakufika.

Baada ya hapo macho yakageukia furu. Wengi mno, wadogo mno, miiba tupu. Katika maandishi ya wakati ule waliitwa samaki takataka. Hoja ya maofisa ilikuwa nyepesi kueleweka: takataka hizi tumlishe samaki mkubwa mwenye minofu, kisha tule minofu. Wazungu waliopenda kuvua kwa burudani nao walitamani samaki wa kupambana naye kwenye ndoana.

Geoffrey Fryer, mwanasayansi aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Jinja, aliandika mwaka 1960 kulipinga wazo hilo. Hoja yake naweza kuieleza kwa mfano wa jikoni. Mpe sangara kilo kumi za furu. Sehemu kubwa itaishia katika kuogelea kwake, kupumua kwake na kinyesi chake. Kwa makadirio ya kawaida ya somo letu, atakachojengea mwili ni kama kilo moja. Kwa hiyo anayekula furu mwenyewe ana kilo kumi mezani, na anayengoja kula sangara ana moja. Ukimweka mla-nyama kati ya watu na chakula chao, chakula kinapungua. Mkulima yeyote anayefuga anajua kwamba gunia la mahindi ukimlisha nguruwe hupati gunia la nyama.

Lakini wakati Fryer anaandika, sangara walikuwa tayari majini. Inajulikana leo kwamba waliingizwa kimyakimya upande wa Uganda mwaka 1954, karibu na Jinja, pasipo kibali cha wazi. Mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa hadharani, Entebbe na Kisumu, kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Hoja ya baadhi ya waliokubali ilikuwa kwamba wamekwisha kuingia, basi waongezwe. Hilo linaniuma kuliko mengine. Kosa lilipojulikana, halikurekebishwa, lilipewa muhuri.

Kwa zaidi ya miaka ishirini hakukutokea jambo la kutisha, na ingekuwa rahisi kusema waoga walikosea. Sangara alikuwa anaongezeka polepole, akizoea. Jike lake hutaga mayai kwa mamilioni. Furu jike hubeba kinywani mwake makumi machache tu. Weka hesabu hizo mbili kando kwa kando utaelewa yaliyofuata. Wimbi lilianza katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970. Huku Mwanza wimbi lilitufikia kati ya 1983 na 1986.

Timu ya watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ilikuwa imeanza kazi katika ghuba yetu tangu 1977, akiwamo Frans Witte, ikiwahesabu furu na kuwatofautisha. Walikuja kuandika orodha ya walio hai, wakajikuta wanaandika orodha ya marehemu. Aina nyingi zilitoweka kabla hata hazijapewa jina la kisayansi. Inakadiriwa kwamba aina 200 hivi za furu zimepotea, na wataalamu wanalitaja tukio hilo miongoni mwa maangamizi makubwa kabisa ya wanyama wenye uti wa mgongo katika zama zetu.

Mimi nilikuwa mtoto. Sikujua neno angamio. Nilichokijua ni kwamba mama alirudi kutoka mwaloni na ungo mtupu. Siku moja, mbili, wiki. Kisha mjomba akaleta kichwa cha samaki ambaye hatukuwahi kumwona. Macho yake yaling'aa kama ya paka. Mama alikipika kama anavyopika sato, mafuta yakajaa sufuria, bibi akakataa kula. Akasema nyama hii inanuka kama imeungua kabla ya kuiva. Jirani yetu mmoja, mvuvi, yeye alifurahi. Alimwita sangara mkombozi.

Na hakuwa mwongo. Sitaki kuandika kana kwamba sangara alituletea mabaya matupu, maana mimi nimesomeshwa naye. Mjomba alinunua mtumbwi wa pili, kisha wa tatu. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Musoma, Kisumu, Jinja. Ndege zilipakia samaki kwenda Ulaya. Samaki waliovuliwa katika ziwa zima walipanda kutoka tani kama 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970 hadi nusu milioni kufikia 1990. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mtumbwi wa mjomba. Kaka yangu alipata ajira ya kukata minofu, akajenga nyumba ya bati. Mtu akiniambia hayo si maendeleo, nitamwambia hajawahi kuezeka nyasi kila baada ya masika.

Ila mama hakupata kitu. Furu alimfaa mwanamke asiye na mtaji: unanunua debe asubuhi, jua linafanya kazi bure, unauza. Sangara ana mafuta mengi. Ukimwanika juani anaoza. Lazima abanikwe kwa moshi au akaangwe, na hapo zinatakiwa kuni. Vilima vya nyuma ya kijiji chetu, ambako tulichuma matunda ya mwituni, vilibaki vipara katika miaka yangu ya sekondari. Sangara pia ni samaki wa fedha nyingi, anahitaji nyavu kubwa, barafu na gari la kiwanda. Biashara ikahama kutoka mikono ya akina mama ikaenda kwa wenye mitaji. Minofu ilipopanda ndege, mwaloni walibakiza mapanki, yaani kichwa na mifupa baada ya kukatwa nyama. Mama, aliyekuwa akiuza samaki wazima, alimalizia biashara yake kwa kukaanga mapanki. Siku hizi hata bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni, husafirishwa kwenda China, na kilo yake ina bei kubwa kuliko ya minofu.

Mwanzoni nilitaja neno kuboresha. Tafadhali msomaji, ligeuze uliangalie upande wa pili. Kuboresha kwa ajili ya nani? Kwa kipimo kipi? Aliyepima kwa tani na dola aliona ziwa limepanda daraja. Aliyepima kwa idadi ya akina mama waliokuwa wakijitegemea aliona jingine. Na kulikuwa na kipimo cha tatu ambacho miaka ile hakikuandikwa kwenye daftari la ofisi yoyote, nacho ni maji yenyewe.

Maji yalianza kubadilika rangi. Nakumbuka utotoni tukiogelea karibu na majabali tuliona vidole vya miguu yetu chini. Kufikia miaka ya 1990, mkono ukiuzamisha hadi kwenye kiwiko huoni vidole. Sababu ni zaidi ya moja na lazima niwe mkweli hapa: watu waliongezeka, misitu ilikatwa, mbolea na maji machafu ya miji yaliteremka ziwani, na yote hayo ni chakula cha mwani. Tena furu walikwishaanza kupungua sehemu fulani kwa sababu ya kukokolewa na meli kwa ajili ya kiwanda cha unga wa samaki, chakula cha kuku. Lakini mwani ulipopata karamu hiyo, wale waliokuwa wakiula, kwa mabilioni, hawakuwapo tena. Ulikua, ukafa, ukazama, ukaoza. Kuoza hula oksijeni. Sehemu kubwa ya maji ya chini ikawa haikaliki na samaki kwa miezi kadhaa ya mwaka.

Halafu kuna jambo ambalo likinijia huwa naacha chaki mezani. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao katika visiwa na ufuko wa ghuba yetu. Furu majike hutambua madume ya aina yao kwa rangi. Mwekundu na wa buluu, ndugu wa karibu, hukaa mwamba mmoja na hawaoani, kwa sababu jike anaona tofauti. Maji yanapochafuka, mwanga haufiki vizuri chini, nyekundu na buluu zinakuwa kivuli kimoja. Jike hachagui tena. Aina mbili zinachanganyika, zinakuwa moja, ya rangi ya vumbi. Hakuna aliyevuliwa wala kuliwa. Wanapotea kwa sababu hawaonani.

Kana kwamba hayo hayakutosha, kufikia mwaka 1990 yalikwishaonekana magugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na yalisambazwa duniani na watu waliopenda ua lake la zambarau katika mabwawa ya bustani. Yalitufikia kwa Mto Kagera. Yalipokuja kutanda nilikuwa mwalimu mpya, na nilishuhudia ghuba nzima imefunikwa kijani, kivuko kinashindwa kutia nanga, mitumbwi imekwama kama imepandwa shambani. Watu walijaribu kuyang'oa kwa mikono na kuyakata kwa mashine; yalirudi. Kilichosaidia hatimaye, pamoja na mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998, ni mdudu. Wadudu wadogo jamii ya fukusi, ambao kwao huko Amerika ya Kusini hula magugu haya, waliletwa, wakazalishwa, wakaachiwa ziwani.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu mwanafunzi mwerevu ataniuliza: mwalimu, huyo fukusi naye si mgeni? Kwa nini unamsifu fukusi na kumlaumu sangara? Ni kweli, wote ni wageni na wote waliletwa na binadamu. Tofauti ni maswali yaliyoulizwa kabla. Fukusi alichunguzwa kwa miaka katika nchi mbalimbali: je, atakula mpunga? Atakula mahindi? Magugu yakiisha atahamia wapi? Ilipojulikana kwamba bila gugu hilo hawezi kuishi, ndipo akaruhusiwa. Sangara hakuulizwa swali hata moja lililopewa muda wa kujibiwa. Aliyemleta fukusi alijifunza kwanza jinsi maumbile yenyewe yanavyolidhibiti gugu kwao, akafuata. Aliyemleta sangara aliona takataka.

Hilo ndilo jibu langu kwa kijana wa Igombe. Ziwa halikuwa na upungufu. Upungufu ulikuwa katika macho ya aliyeliangalia. Aliona samaki wasiouzika, hakuona kazi waliyokuwa wakiifanya. Sisemi kwamba kila tulichokitengeneza ni duni kuliko kilichoumbwa. Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, urefu wa kilomita tatu, juu ya ghuba ile ile. Mama yangu aliwahi kukesha Kigongo akingoja kivuko na mgonjwa mikononi. Sasa navuka kwa gari dakika chache. Nalishukuru daraja lile kila ninapolipita, na sidhani kuna mtu wa Sengerema atakayeniambia tungebaki kama tulivyokuwa. Daraja limejengwa juu ya maji, halikujifanya kuwa ni maji bora zaidi.

Na sasa hali ikoje? Sangara wamevuliwa mpaka wakubwa wamekuwa adimu. Samaki anayeweza kufika urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo 200, leo mwaloni anapimwa kwa rula kuona kama amefika sentimita 50 zinazoruhusiwa. Baadhi ya viwanda vimefungwa au vinafanya kazi chini ya uwezo wake. Anayeongoza kwa uzito katika samaki wanaovuliwa ni dagaa, yule mdogo wa asili ambaye hakuna ofisa aliyewahi kufikiria kumboresha. Dagaa anaanikwa juani. Akina mama wamerudi kazini.

Baadhi ya furu nao wamerudi. Ni wa aina chache, hasa wale wanaokula vijidudu vinavyoelea majini, waliopata nafuu baada ya sangara kupungua. Mwaka juzi nilimpeleka mama soko la Mwaloni, Kirumba. Ana miaka themanini na miwili. Kwenye meza ya dada mmoja aliona fungu la samaki wakavu wadogo, akainama, akachukua mmoja, akamgeuza.

"Shikamoo, bibi," yule dada akamwambia. "Karibu, hao furu."

"Marahaba, mwanangu. Furu wa namna gani?"

Dada akacheka kwa upole. "Furu tu, bibi."

Mama alinunua mafungu mawili. Njiani akanitajia majina ya Kisukuma ya furu aliokuwa akianika. Aliwajua kwa midomo yao, kwa rangi, kwa wakati wa mwaka waliopatikana. Nilifikisha majina kumi na moja, nikiyaandika nyuma ya risiti. Hakuna hata mmoja kati ya furu hao aliyemwona kwenye meza ile.

Sasa kuna jambo jipya, na ndilo lililonifanya niandike. Vizimba vya kufugia sato vinaongezeka ziwani, Kenya, Uganda na kwetu, na serikali inawakopesha vijana waanze. Nawajua baadhi ya vijana hao, niliwafundisha. Nawaombea wafanikiwe, kwani familia zao zinahitaji kula. Lakini samaki mia kadhaa au maelfu katika eneo dogo wanalishwa kila siku, na chakula kisicholiwa pamoja na kinyesi chao kinaanguka chini ya kizimba, katika ziwa ambalo tayari lina shida ya hewa kule chini. Chakula chenyewe mara nyingi huchanganywa na dagaa waliosagwa. Tumerudi kwenye hesabu ya Fryer.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, kwa maofisa uvuvi wetu na kwa wanafunzi wangu waliokopa vizimba. Kabla ya kushusha kizimba, pimeni oksijeni ya chini ya mahali hapo, andikeni samaki wote waliopo hata wale msiowathamini, na waulizeni wazee wa mwalo huo majina yao. Baada ya mwaka mmoja pimeni tena, mbandike matokeo kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Mama yangu bado anakumbuka majina kumi na moja. Njooni mumwulize akiwa hai.